Mgeni Asiyepewa Jembe

Nilikuwa nimeshakusanya mabakuli ya chai, nimeyapandanisha, nainuka nayo, ndipo mama mwenye nyumba akaingia. Hakusema kitu. Aliyachukua mikononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu bila kumshtua, akayaweka kando ya mlango, akanishika bega na kunirudisha kwenye godoro nililokuwa nimekalia.

"Otur, otur," akasema. Kaa, kaa.

Nikakaa.

Nje, upepo wa ziwa Song-Kul, huko Kirgizistani, ulikuwa unazipiga kamba za yurta, hema la mviringo la wafugaji wa kule, na binti yake mdogo alikuwa anapita na ndoo ya maji iliyomzidi uzito. Mimi, mtu mzima mwenye mikono yangu miwili, nimefunikwa blanketi mapajani, natazama.

Hiyo ilikuwa Julai. Sasa Septemba inakatika, nimesharudi Dubai kwenye kaunta yangu, na lile "otur" bado halijanitoka. Kila nikianza kuandika habari hii inageuka kuwa ya farasi na milima. Farasi na milima vilikuwa vizuri sana. Lakini si vinavyonikosesha usingizi.

## Njiani, kwa kifupi

Picha mmeshaziona, kwa hiyo sitarefusha. Bishkek, mji mkuu, hadi Kochkor kwa basi dogo la abiria, wao wanaliita marshrutka. Kochkor hadi kijiji cha Kyzart kwa Honda Fit yenye usukani wa kulia, katika nchi ambayo magari yanapita kulia. Ni mitumba ya Japani ileile tunayoipokea sisi bandarini Dar, ila kule dereva akitaka kulipita lori inabidi abiria wa kushoto achungulie na kutoa ruhusa. Abiria wa kushoto nilikuwa mimi. Nilitoa ruhusa mara moja tu, nyingine zote nikakataa.

Kyzart ndiko tulikopanda farasi. Kijana aliyeniongoza ni mwanafunzi wa chuo, mwenyeji wa Kochkor, anaongoza wageni wakati wa likizo. Tangu dakika ya kwanza aliniita "eje", ndivyo wanavyomwita dada au mwanamke aliyewazidi umri, nami nikawa namwita mdogo wangu. Farasi wangu alikuwa mfupi, mnene, wa rangi ya udongo, na tabia yake moja tu: kula. Wenyewe wakitaka farasi aende wanasema "chu!" Kijana akisema "chu" farasi wote wanaondoka, hata wangu. Nikisema mimi, farasi anang'oa majani mengine.

Tulipita bonde la Kilemche, tukapumzika kwenye yurta za watu, kisha tukaanza kupanda kuelekea njia ya juu inayoitwa Jalgyz-Karagai. Hapo unaacha kuongea. Hewa inapungua, farasi anahema, unajihisi una deni naye. Vikuku vya tandiko vilikuwa vifupi kuliko miguu yangu, kwa hiyo kila nikishuka magoti yanakataa kunyooka na mapaja yanakataa kukutana.

Halafu unafika juu, na ziwa liko chini yako lote.

Song-Kul liko mita 3,016 juu ya usawa wa bahari. Katika maziwa ya Kirgizistani ni la pili kwa ukubwa baada ya Issyk-Kul, zaidi ya kilomita za mraba 270, na kandokando yake hakuna mti hata mmoja. Nimekulia Muheza, mahali ambapo ukitaka kuona mbali inabidi kwanza upande mchungwa. Kule kwao jicho halikutani na kitu. Unaona moshi wa yurta, unadhani ni jirani, unatembea nusu saa moshi uko palepale.

## Nafasi ya mbele

Familia iliyonipokea ilikuwa na yurta zake kadhaa: moja yao wenyewe, nyingine ya kupikia, nyingine za wageni. Ndani ya yurta kila kitu kina upande wake. Nafasi inayotazamana na mlango, mwisho kabisa, inaitwa tör, ndiko anakoketishwa mkubwa au mgeni. Nyuma yake yanapangwa masanduku na magodoro yaliyokunjwa hadi juu, kwa fahari. Upande mmoja ni wa wanaume, zinatundikwa hatamu, mijeledi na matandiko. Upande wa pili, epchi jak, ni wa wanawake: vyombo, maziwa, unga. Chini zimetandikwa shyrdak, zulia za sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, zenye nakshi za pembe za kondoo dume. UNESCO iliziingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya ufundi unaohitaji kuokolewa haraka. Mimi nilikuwa nimemwagia mojawapo chai.

Waliniketisha tör bila kuniuliza.

Meza yao ya chai haimalizi kushangaza. Mkate, siagi, kaymak ambayo ni malai mazito ya maziwa, jemu za matunda, peremende, biskuti, na lundo la boorsok, vipande vidogo vya unga vilivyokaangwa ambavyo mtu yeyote wa Pwani angevitambua na kuuliza iliki iko wapi. Chai inamiminwa kidogo tu, nusu ya bakuli au pungufu. Siku ya kwanza nilidhani ni ubahili. Kumbe bakuli likijazwa hadi juu ndipo unaambiwa kiungwana kwamba muda wako umekwisha. Likimiminwa kidogo, maana yake wanataka uendelee kuomba na wao waendelee kukumiminia. Mama mwenye nyumba, ambaye na mimi nilimwita eje, alikuwa hali. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli langu.

Tulipomaliza, mzee wa nyumba akainua viganja, akasema maneno mafupi, wote wakapitisha mikono usoni: "Omin." Mikono yangu ilishapanda kabla sijafikiri. Mzee akaniona. Akamuuliza kijana kama mimi ni Mwislamu, kijana akanigeukia, nikasema ndiyo, kutoka Afrika, kutoka Tanzania. Mzee akatikisa kichwa kwa muda mrefu, akanisogezea kaymak.

Basi nikajiona nimefika kwetu. Nilijidanganya kwa raha kabisa hadi asubuhi, nilipojaribu kuyainua yale mabakuli.

## Ninachokijua kutoka nyuma ya kaunta

Wasomaji wa zamani mnajua kazi yangu. Nakaa mapokezi ya hoteli. Kutabasamu ni sehemu ya mshahara. Najua kumwambia mtu "karibu nyumbani" wakati nyumbani kwangu ni kitanda cha juu katika chumba cha wanawake wanne. Kwa hiyo nilipoona ukarimu wa yule mama, sehemu moja ya kichwa changu ilianza kuupigia hesabu. Kitanda kimoja, milo mitatu, farasi, kijana wa kuongoza. Nimelipia. Je, anatabasamu kwa ajili yangu au kwa ajili ya bili?

Ni swali la kijinga, nalijua. Lakini lilikaa.

Siku iliyofuata lilizidi, maana kambi ya jirani walifika watalii na magari matatu. Vijana wa kule wakavaa kofia zao ndefu nyeupe za sufu, kalpak, wakapita mbio na farasi mbele ya kamera, wakarudi, wakapita tena. Magari yalipoondoka kofia zikavuliwa, zikabaki kofia za besiboli. Matangazo yote ya safari hizi yanaandika kwamba utakaa na wahamaji. Ukweli ni kwamba familia yangu ina nyumba kijijini, ya matofali, ina umeme na jokofu. Wanapanda na mifugo mwanzoni mwa kiangazi njia zikishayeyuka theluji, Septemba wanashuka, watoto wanaingia shule. Nje ya yurta palikuwa na paneli ya sola, na mzee alikuwa anawafuata kondoo wake kwa darubini.

Sasa, mtu anaweza kusema basi ni maigizo. Mimi sisemi hivyo, na sababu yangu ni historia ya lile ziwa lenyewe.

Miaka ya 1930 serikali ya Kisovieti iliwalazimisha wafugaji wa Kikirgizi kukaa vijijini na kuiingiza mifugo yao kwenye kolkhozi, mashamba ya pamoja. Mchungaji akawa mwajiriwa. Alikuwa anapandisha kondoo wa kolkhozi kuja hapa kila kiangazi, na wakati wa kushuka anahesabiwa. Mzee wa nyumba niliyofikia alifanya kazi hiyo ujanani, na baba yake kabla yake. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mashamba yale yalivunjika nao. Kondoo wa nchi nzima walikuwa karibu milioni 10. Haikupita miaka mingi wakabaki chini ya milioni 4. Watu waliwala, wakawauza, wakawabadilisha kwa unga. Malisho ya mbali kama Song-Kul yakapungukiwa watu, maana mwenye kondoo wachache na bila mafuta ya lori apande mlima kufuata nini?

Wageni ni sehemu ya kilichowarudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa shirika la Uswisi la Helvetas, familia za Kochkor na vijiji vya jirani zilianza kujipanga: nani ana yurta ya ziada, nani ana farasi watulivu, nani anaijua njia. Mwaka 2009 ikaja sheria ya malisho, ardhi ikabaki ya serikali lakini usimamizi wake ukapelekwa kwa kamati za watumiaji wenyewe, na kila familia inalipia malisho kwa idadi ya mifugo yake.

Kwa kichwa. Kondoo kwa kichwa, farasi kwa kichwa. Na mgeni pia kwa kichwa, kwa usiku.

Nilicheka peke yangu nilipolitambua hilo, nikiwa nimejifunika mablanketi hadi puani kwenye baridi ya Julai. Mimi nilikuwa mojawapo ya mifugo ya kiangazi ya nyumba ile. Nalishwa vizuri, nakogeshwa, nafunikwa usiku, naangaliwa nisipotee. Na wala sikuona tusi. Mfugaji anayejua kazi yake hamdharau mnyama wake.

Ila ng'ombe haoshi vyombo.

## Jele

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa anaeleza ujamaa, akaongeza jambo ambalo watu wengi wanalisahau: kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe ndiye aliyeomba jembe kabla mwenyeji hajampa.

Nikaomba jembe.

Kwa eje jembe ni maziwa ya farasi. Karibu na yurta imekazwa kamba ndefu chini chini, juu ya nyasi, imeshikiliwa na vigingi. Hiyo ni jele. Watoto wa farasi wanafungwa hapo mchana kutwa, kwa mstari. Mama zao wako huru, wanakula watakako, lakini hawaendi mbali, maana mtoto yuko pale. Kila baada ya saa mbili hivi wanasogezwa, wanakamuliwa, wanarudi malishoni. Jioni watoto wanafunguliwa, walale na mama zao wanyonye usiku kucha.

Nimekulia nyumba yenye ng'ombe wa maziwa, nikadhani najua. Sijui kitu. Farasi hashushi maziwa kwa ajili ya ndoo. Kijana wa nyumba anamfungua mtoto, anamleta, anamwacha anyonye kidogo sana. Maziwa yakishashuka, anamvuta kichwa na kumsimamisha palepale begani kwa mama yake, ili mama aendelee kumnusa. Hapo hapo eje anapiga goti moja chini, paja la pili linabeba ndoo, mkono mmoja unapita nyuma ya mguu wa farasi na mwingine mbele yake, viganja vinakutana kwenye chuchu. Hana kigoda. Hana nafasi ya kukimbia farasi akibadili mawazo. Shavu lake linaegemea ubavu wa mnyama. Mlio wa maziwa kwenye ndoo ni mwembamba na wa haraka, tsi-tsi-tsi, na kabla hujakaa sawa kuangalia amemaliza. Yanapatikana maziwa kidogo tu kila mara, ndiyo maana wanarudia mara nyingi hivyo.

Kisha yanamiminwa kwenye chanach, mfuko wa ngozi uliofukizwa moshi, yanapigwa kwa mti hadi yachachuke yawe kymyz. Ina kilevi kidogo, na mimi sikutaka kuingia kwenye mjadala huo mbele ya mzee aliyenisomea dua, kwa hiyo niliomba saamal, yale mabichi. Matamu, mepesi, yana harufu ya jasho la farasi. Nilimaliza bakuli.

Niliposema nataka kusaidia, eje alicheka, akamtazama mumewe, akakubali. Nikapewa kumshika mtoto wa farasi.

Nilimshika kamba fupi, shingoni, kama nilivyoona. Alikuwa na nywele laini ajabu na moyo unaodunda kasi hadi kwenye vidole vyangu. Mama yake akageuza kichwa. Akanitazama, au tuseme akanivuta kwa pua. Masikio yakalala nyuma. Eje akakamua, hakuna kitu. Akapapasa, akaimba kitu kidogo kwa koo, akakamua tena. Hakuna. Maziwa yalishapanda.

Eje akainuka na ndoo tupu. Hakukasirika. Akasema jambo, na kijana wangu akasita kidogo kabla ya kunitafsiria.

"Anasema, eje, farasi hakujui."

Nikauliza, atanijua baada ya muda gani?

Kijana akauliza. Eje akanitazama, akaitazama njia tuliyojia, akajibu neno moja ambalo sikuhitaji tafsiri yake. Kiangazi kizima.

Akamwita binti yake. Farasi yuleyule, mtoto yuleyule. Tsi-tsi-tsi.

## Aliye Urusi

Jioni hiyo eje alinifuata kwenye yurta ya wageni kuwasha jiko. Kuni hakuna kule, wanawasha kinyesi cha mifugo kilichokaushwa, kinashika haraka na kutoa joto kali, halafu kinakufa mapema. Alikaa kulisubiri lishike. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa bila shughuli mkononi.

Akauliza Dubai nakaa na nani. Nikamweleza chumba, wenzangu watatu, vitanda vya ghorofa. Akauliza nakwenda kwetu mara ngapi. Nikasema mara moja kwa mwaka, wiki mbili. Akauliza kama natuma hela. Nikasema kila mwezi.

Akatoa simu kwenye koti. Kijana wake mkubwa yuko Urusi, kwenye ujenzi. Picha zilikuwa zilezile ambazo mama yangu anazo za kwangu: mtu amesimama mbele ya jengo ambalo si lake, amevaa koti jipya, anatabasamu kidogo tu. Wakirgizi wengi sana wako Urusi, fedha wanazotuma ni miongoni mwa nguzo kubwa za uchumi wa nchi ile, na karibu kila yurta niliyoingia ilikuwa na picha kama hizo ndani ya simu.

"Akija," eje alisema, "anakaa tör. Baba yake anasogea chini."

Akaongeza kinyesi kwenye jiko.

"Sipendi akikaa tör," akasema. "Lakini nitamweka wapi?"

Kijana alitafsiri hilo kwa haraka, bila kunitazama. Yeye mwenyewe alikuwa ameniambia njiani kwamba akimaliza chuo anaenda Moscow.

## Glasi za kabatini

Hapo ndipo ilipo shida yangu yote, na imenichukua wiki nyingi kuiona.

Nyumbani kwetu Muheza kuna kabati la vioo, na ndani yake kuna glasi ambazo zamani zilitoka kwa ajili ya mashekhe, wakwe, na mwalimu mkuu akija kulalamika. Sisi watoto tulikuwa tunakunywa kwenye vikombe vya bati. Mwaka wa kwanza niliporudi likizo kutoka Dubai, mama alinipa chai kwenye glasi ya kabatini. Nikaona ni mapenzi. Mwaka wa pili nikakuta nimetandikiwa kitanda cha mama, yeye analala na mdogo wangu. Nikainuka kwenda kuosha vyombo, mama akasema, "Acha mwanangu, umechoka na safari." Safari nilikuwa nimeimaliza siku nne nyuma.

Hakuna aliyewahi kunikatalia jiko kwa ubaya. Ndiyo maana sikujua kama nimekataliwa.

Bati nimeezeka mimi. Ada za wadogo zangu nimelipa mimi. Na kila nilipolipa nilikuwa nasogea hatua moja kuelekea tör, na wao hatua moja kuelekea mlangoni, hadi nikawa mtu wa kutandikiwa, kumiminiwa na kuulizwa kama nimeshiba. Siambiwi kwamba mama na shangazi hawasemezani. Siambiwi ng'ombe amekufa hadi miezi ipite. Mgeni haharibiwi safari yake.

Kwa hiyo nilipanda farasi hadi mita 3,000 na zaidi, kwa akiba yangu ya mwaka, nikaingia kwenye nyumba ya mfugaji wa Kikirgizi nikiwa na hamu ya kuosha mabakuli yake. Jamani! Nikiwa pale nilijiambia ni adabu tu za malezi ya Pwani. Siyo kweli. Mtu asiye na njaa haulizi chakula kwa jirani.

Mwanzoni niliilaumu pesa. Ilikuwa rahisi: pesa imenunua siku ya kwanza isiyokwisha, Song-Kul na Muheza vilevile. Niliandika kurasa nzima za hasira kuhusu jambo hilo, bahati nzuri sikuzichapisha. Maana yule farasi alizikataa. Farasi hakujua kama nimelipa au sijalipa. Eje naye, nadhani, angenipa ndoo bila kusita kama angejua nitakuwepo Septemba kukunja yurta, kuhesabu kondoo, kushuka na wengine kwenye matope. Kazi ya jele hapewi mtu mwenye huruma. Anapewa mtu atakayekuwepo kesho baada ya saa mbili, na baada ya mbili nyingine. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi, na kila kiumbe kwenye ile kambi kiliinusa.

## Mdogo wangu anajibu

Wiki iliyopita nilimtumia mdogo wangu, yule aliyebaki nyumbani na mama, ujumbe mrefu wa sauti. Nikamweleza yote haya: tör, jele, glasi. Nikamwambia Desemba nikija sitaki kitanda cha mama, sitaki glasi, naomba niwekwe kwenye zamu ya jiko kama zamani, na wakigombana wagombane mbele yangu.

Hakujibu siku hiyo. Kesho yake ikaja sauti yake, nyuma yake nasikia kuku na redio.

"Dada, umesikika," alianza. "Sasa na mimi nikuulize. Hiyo zamu ya jiko unaitaka kwa siku ngapi? Maana ukiosha vyombo wiki mbili halafu ukaondoka, mama anabaki anakuita jikoni bila kufikiri. Mwaka juzi uliosha siku ile ya sherehe, alikuita hadi Februari. Mimi ndiye niliyekuwa naitika."

Nilisimamisha sauti hapo. Nikahudumia mgeni mmoja, nikampa kadi ya chumba, nikamwambia karibu nyumbani. Nikarudi.

"Halafu Desemba kazi hamna," aliendelea. "Desemba ni kula tu na kutembelea watu. Kazi ni katikati ya mwaka, machungwa yanaposhuka, malori yanasubiri barabarani, hata watoto wa shule wanabeba. Kama unataka jembe, njoo na miezi yako wakati huo. Si ndiyo Julai hiyo uliyokuwa kwa farasi wa watu?"

Akacheka, na akaniagiza dawa ya mama ya presha.

Nimeshapeleka ombi la likizo ya mwakani, yote kwa mkupuo, kuanzia Juni, pamoja na siku zisizolipwa. Msimamizi wangu amesema ataliangalia. Dawa nimeituma Jumanne.